Mama mkwe anasema mto hula watu: tupeleke watoto waogelee msituni Kakamega ama tuachane nayo?

Swali: Habari mwalimu. Sisi tunaishi Nakuru, tuko na watoto watatu, wa kwanza miaka 8, wa pili 5, na kitinda mimba mwaka mmoja na nusu. Shule zikifunga Agosti tunaenda kwa mama mkwe Kakamega na tumepanga siku moja tuingie msituni, tutembee kidogo, tufike penye maporomoko watoto waogelee. Huku kwetu ziwa lina magadi na viboko, na Menengai ni jua na mawe tu, so wamengoja sana hii safari. Shida ni kwamba jirani ametuambia tutarudi na kichocho, na mama mkwe tukimgusia tu hio story anasema mto hula watu na ananyamaza. Tupange aje, ama tuachane nayo?

Jibu: Dadangu, msiachane nayo, lakini anza na mama mkwe ju huyo ndio ana habari zote unazotafuta na nyinyi mnamchukulia kama mtu anatisha watoto. Nimetembeza familia kwa misitu na mito ya huku magharibi miaka mingi na nimegundua kitu kimoja, mzee wa hapo akisema mto hula watu huwa hasemi mto wote, anasema mahali. Kuna kona anaijua, kuna mwaka anaukumbuka, kuna mtoto wa jirani. Sasa usimuulize "ni salama?" ju atakwambia hapana na stori itaisha hapo. Muulize, mama, huo mto ulikula watu wapi? Kulikuwa kumenyesha? Walikuwa wanavuka ama walikuwa wanaoga? Na nyinyi mkiwa wasichana mlikuwa mnafulia wapi? Hio ya mwisho ndio dhahabu. Penye akina mama wamefulia nguo miaka arobaini na watoto wako kando yao, hapo huwa maji ni ya magoti, chini ni changarawe, na kuna njia ya kutoka haraka. Penye hakuna mtu anafulia na maji yanakaa mazuri, kijani kibichi, yametulia, jiulize kwa nini wameyaacha.

Basi tuje kwa Agosti, na hapa ndio nitakuharibia mpango kidogo. Watu wengi huhesabu mvua ya masika inaisha Mei halafu baridi ya Julai, lakini Kakamega haifuati hio kalenda, kule Agosti bado inanyesha na inanyesha sana, mwaka mzima wanapata karibu milimita 2,000. Na inanyesha kwa saa zake. Asubuhi kunakuwa kweupe kabisa, jua linatoka, unaambia watu leo tumebahatika, halafu saa saba saa nane mawingu yanajikusanya na saa tisa ni radi. Sababu ni Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu inatoka ziwani mchana inapanda kuelekea milima ya Nandi, ikigongana na upepo wa mashariki inamwaga kila kitu hapo. Na sasa sikiliza, mto Isiukhu na mto Yala, hio miwili inayopita msituni, yote inatoka upande wa Nandi. Kwa hivyo mnaweza kuwa mmekaa kwa mawe mnakula mayai, juu yenu ni bluu, na maji yaliyonyesha Nandi lisaa lililopita yako njiani yanakuja.

Nyinyi mko kaunti ya Nakuru hamhitaji kuambiwa hii mara mbili. Pale Hell's Gate watu walikufa kwa korongo mwaka wa 2012 na tena 2019, mafuriko ya ghafla, na hao hawakuwa wanaogelea, walikuwa wanatembea tu.

Dalili mto utakupa lakini lazima mtu awe anauangalia. Kwanza rangi, maji yaliyokuwa unaona changarawe chini yanaanza kukaa kama chai ya maziwa. Halafu takataka, majani mabichi na vijiti vinaanza kupita vingi pamoja, majani mabichi nasema, yale makavu huwa yanapita tu. Halafu sauti, mto unaacha kuimba unaanza kunguruma chini chini. Mimi huweka jiwe moja jeupe pale ukingoni maji yanapoishia nikifika, kila baada ya dakika chache naliangalia, likianza kuloa juu watoto wanatoka, hakuna mjadala, hakuna "dakika moja tu", na tunapanda juu, hatufuati ukingo.

So hii ndio ningefanya kama ni watoto wangu. Agosti nendeni msituni, mtembee, wachezee maji ya vifundoni mahali kadogo, basi. Kuogelea kwenyewe wekeni likizo ya Desemba, kuanzia katikati ya mwezi kwendelea, maji yanakuwa yamepungua, yamesafika na mawe yamekauka. Najua huyo wa miaka 8 hatafurahia hio habari. Lakini kama Agosti mtakuta wiki kavu, siku tatu nne hakujanyesha huko wala Nandi, na mzee wa hapo anasema mto umelala, basi mnaweza kujaribu kwa sharti la saa: mmeanza kutembea saa moja na nusu asubuhi, mko kwa maji kabla ya saa nne, saa tano na nusu kila mtu amevaa nguo kavu, saa saba mko kwa gari. Mkichelewa kuamka, na kwa mama mkwe mtachelewa ju hamtaruhusiwa kutoka bila chai na viazi vitamu, msikimbize ratiba, badilisheni siku. Ama mpeleke watoto waone lile jiwe linalolia la Ilesi hapo kwa barabara ya Kisumu, Ikhonga Murwi, mama mkwe awape hadithi yake, siku haijapotea.

Pia msiende siku ile mmefika. Nakuru mpaka Kakamega ni masaa manne matano kwa gari na mmoja lazima atapike.

Msitu una pande mbili na watu huchanganya. Kaskazini ni Buyangu, hio ni hifadhi ya KWS, wale wa wanyamapori, unaingilia barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na ndio upande wa maporomoko ya Isiukhu. Kusini ni Isecheno, hio iko chini ya KFS, wale wa misitu, kuna kilima cha Lirhanda ambacho mtoto wa 5 anakipanda vizuri na mto Yala uko upande huo. Pande zote kuna ada na kuna vijana wa kuongoza wageni, lipeni mchukue mmoja. Sisemi hivyo kwa sababu ni kazi yangu, nasema ju huyo kijana ndio anajua mvua ya jana imefanya nini. Na muulizeni askari pale getini moja kwa moja, wapi watoto wanaruhusiwa kuingia majini na wapi hapana. Akisema hapana, ni hapana, msianze kutafuta kichochoro.

Halafu kitu ambacho familia karibu zote huruka: mmoja wenu, wewe ama mzee wako, aende siku moja mbele bila watoto. Abebe fimbo ndefu ya kumfika kifuani. Aingie kwa kile kidimbwi mwenyewe, na viatu, apime hatua kwa hatua kutoka ukingoni mpaka katikati, ju kidimbwi cha mto hakina mteremko kama swimming ya hoteli, unatembea maji ya goti, goti, goti, halafu hatua moja ni shingo. Hio ngazi ndio hula watu, si mamba wala jini. Atafute maji yanatokea wapi upande wa chini, kama yanatoka kwa kasi kati ya mawe mawili hapo ni mdomo, mtoto akiteleza anavutwa huko. Na chini ya maporomoko yenyewe msiingie hata kama maji ni madogo, maji yakianguka yanachimba shimo na yanazungusha kitu yanakirudisha pale pale, unaweza kuona kijiti kinacheza hapo robo saa hakitoki. Picha pigeni mkiwa mbali. Mahali pazuri pa watoto wenu ni mita nyingi huko chini, mto ukipanuka na kupiga kona, upande wa ndani wa kona, penye mchanga umejikusanya. Hapo maji ni taratibu na hayana kina.

Kipimo changu ni hiki: mtoto wa miaka 8 maji yasipite kiuno chake, wa 5 yasipite mapaja, na huyo mdogo akae kwa mchanga na kasufuria na kijiko achote maji, huyo hajui tofauti ya mto na karai, atafurahi vile vile. Na yule anambeba mgongoni kwa leso asikanyage mawe yenye maji hata moja, mawe ya msituni yana ule utelezi wa kijani, ukianguka nyuma unamwangukia mtoto.

Sasa nikwambie ile siku iliyonifanya nikuwe mkali hivi. Ilikuwa mto mwingine, si huu, tulikuwa familia, watu wazima sita na watoto watano, maji ya kifua cha mtoto na yametulia kabisa. Nilikuwa nimechutama nafungua kamba ya kiatu ya kijana wangu, imeloa imekaza, nikatumia meno. Nilipoinua macho nikaona binti ya dadangu, miaka sita, amesimama majini, ama nilidhani amesimama. Kichwa kilikuwa kimeelekea nyuma kama mtu anaangalia ndege kwa mti. Nywele zimemwangukia machoni na hazitoi. Mdomo unazama kidogo, unatoka, unazama. Hakulia. Hakupunga mkono. Dadake alikuwa hatua mbili kutoka hapo anamrushia maji akidhani anacheza. Nilimfikia nikamvuta kwa mkono, akakohoa, akatapika, akaanza kulia, na ile kilio ndio ilikuwa sauti ya kwanza tulisikia. Watu wazima sita tulikuwa hapo na kila mmoja alijua mwingine anaangalia. Wale walikuwa wanachoma nyama walikuwa mita kumi.

Mtoto akizama hapigi kelele, hana pumzi ya kupigia kelele, pumzi yote anaitafutia hewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021 duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. So tangu siku hio tuko na kofia. Kofia moja, nyekundu, mbaya, nilinunua mtumba soko la Kibuye, Kisumu. Anayeivaa ndio askari wa maji. Hashiki simu, hachomi nyama, hapigi picha, hata chai hapewi, yuko ndani ya maji ama kwa ukingo mahali mkono wake unafika mtoto. Dakika kumi na tano akichoka anamvisha mwingine na anasema kwa mdomo "sasa ni wewe, wako wawili majini", na huyo mwingine anahesabu, anajibu "wawili". Inaonekana ni ujinga mpaka uifanye mara moja uone vile wengine wote wanapumzika kweli.

Watoto wavae rangi inapiga kelele, machungwa, nyekundu, ile kijani ya koti za bodaboda. Bluu na nyeupe zinapotea kwa maji ya mto. Laifu jaketi inayowatoshea kama mnaweza kupata ni kitu kizuri, lakini yale mabawa ya kupuliza ya mkononi na maboya ya bata acheni nyumbani, hayo ni tois, yanamfanya mtoto aende mbali na kumfanya mzazi akae chini. Badala yake bebeni mtungi mtupu wa lita tano, ule wa mafuta ya kupikia, umefungwa kifuniko sawasawa, na kamba ya mita kumi imefungwa kwa mkono wa huo mtungi. Mtu akienda na maji unarusha huo mtungi, anaukumbatia, unavuta. Haugharimu kitu na unarushika mbali kuliko kamba tupu. Usiruke ndani kumfuata, watu wawili wakizama haisaidii. Na ukimtoa na hapumui, usimninginize kichwa chini wala usimfinye tumbo kutoa maji, mlaze chali, kichwa nyuma, mzibe pua, mpulizie mara tano polepole uone kifua kinainuka, ndio uanze kusukuma kifua, mara 30 halafu pumzi 2, unarudia huku mwingine anatafuta gari. Kama hujawahi fundishwa hii kwa mikono, hapo Nakuru tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya Desemba, ni siku moja ama mbili.

Jirani yako na kichocho chake. Hajakudanganya ila amechanganya mahali. Wengi wanajua kichocho ni kukojoa damu, hio ni ya Pwani zaidi, hii ya ukanda wa Ziwa ni ya tumbo na ini, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Vijidudu vinatoka kwa konokono wadogo wa majini, na hao konokono wanapenda maji yaliyosimama ama yanaenda polepole, penye magugu, penye jua, na penye watu wanaenda haja karibu. Hio ni picha ya ufuo wa Ziwa Victoria, mabwawa na mitaro ya mashamba ya mpunga, si mto wa msituni unaokimbia chini ya miti kwa kivuli. Kwa hivyo mkipitia Kisumu na watoto waseme tuogelee Dunga, hapo ndio useme hapana, kichocho na viboko pamoja, chukueni mashua mle samaki muondoke. Kwa mto wa msituni hatari ni ndogo, lakini haiwi sifuri, so kaeni penye maji yanatembea, epukeni vidimbwi vya pembeni vyenye magugu, na asubuhi ni bora kuliko saa sita ju konokono wanavitoa hivyo vijidudu kwa wingi jua likiwa juu. Kujipangusa na taulo haraka fanyeni lakini msiitegemee, vinaingia kwa ngozi dakika chache tu. Na msikimbilie dawa jioni hio hio kama wengine wanavyofanya. Prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponea, so mkiwa na wasiwasi ngojeni wiki sita mpaka nane ndio mpeleke watoto wapimwe.

Lakini dada, kitu ambacho jirani hakukwambia, na kwangu ndio kinanipa wasiwasi kuliko mto na konokono, ni malaria. Watoto wako wamekulia Nakuru, kule juu, miili yao haijazoea. Binamu zao wa Kakamega wataumwa na mbu yule yule wacheze kesho yake, wako wanaweza kulazwa. Neti kila usiku, hata kama mama mkwe anasema mbu hakuna mwezi huu, mikono mirefu jioni, na muulizeni daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kukinga, hasa kwa huyo mdogo. Halafu hii iandike mahali: homa mara nyingi haitakuja mkiwa safarini, itakuja mkiwa mmesharudi, wiki moja, mbili, hata zaidi, na daktari wa Nakuru akiona mtoto ana homa atafikiria mafua. Wewe ndio useme "tulikuwa Kakamega" kabla hajauliza, na mtoto apimwe siku hio hio.

Kutembea sina mengi. Mtoto wa 5 akiwa na vituo vyake vya kuangalia vipepeo na kuuliza mbona mbega hana kidole gumba, hesabu kilomita moja na nusu kwa lisaa, so mahali mnaenda pasizidi kilomita mbili kwenda, na kumbuka kurudi huwa ni kupanda na wamechoka na wamelowa. Suruali ndefu imeingizwa kwa soksi, sababu ni siafu. Mkikuta mstari wao kwa njia rukeni, msisimame kushangaa, na mtoto akipandwa mtoe hapo kwanza mita kadhaa ndio umvue nguo, watu huanza kuvua wakiwa wamesimama juu ya siafu wenyewe. Nyoka wako, na wengine ni wabaya, kwa hivyo mwongozaji mbele, mikono isiingie kwa mashimo wala chini ya magogo, lakini kwa kelele za watoto watatu hamtaona hata mmoja. Kwa maji wavae sandak, zile za plastiki za kufunga. Patapata zinaenda na mto dakika ya kwanza halafu mtoto anazifuata, na hio kufuata kiatu ndio hupoteza watoto.

Chakula bebeni mayai ya kuchemsha, nduma, ndizi, na themosi ya uji moto wenye sukari, usiache themosi. Maji ya msituni ni baridi na mtoto mdogo anapoteza joto haraka, akianza kutetemeka ama midomo kubadilika rangi anatoka, hata kama anakwambia hasikii baridi, wote husema hawasikii baridi. Dakika kumi na tano ndani, nje, uji, sweta, akitaka tena arudi. Nguo kavu seti mbili mbili, kwa mfuko wa plastiki wa kufunga, na ya mzee pia ju yeye ndio huanguka. Chakula kisikae wazi, tumbili wa Isecheno wamesoma kuliko sisi. Na kabla ya kuondoka andikieni mtu nyumbani mmeingilia geti gani na mtatoka saa ngapi, network ndani inakuja na kwenda.

Mtu wa kubaki nyumbani akingoja simu asiwe mama mkwe lakini. Yeye mbebeni mwende naye. Akifika pale atakuonyesha jiwe alilokuwa anafulia, atavua viatu kabla ya mtu yeyote, na kofia nyekundu hatahitaji kuvishwa, ataanza kuhesabu wajukuu mwenyewe. Mbebeeni tu kiti, kile cha kukunja, na muweke upande wa kivuli.